Bendi Yenu Inaweza Kutengeneza Filamu ya Kutisha: Mwongozo Kamili wa Bajeti Ndogo

Mwaka 1978 mwongozaji John Carpenter alimwonyesha ofisa mmoja wa studio ya 20th Century Fox filamu yake ya Halloween. Picha zilikuwa zimeshakamilika, ila muziki na sauti za ziada zilikuwa bado. Yule dada aliitazama hadi mwisho na hakuogopa hata kidogo. Carpenter akaamua ataiokoa kwa muziki. Akakaa kwenye kinanda, akachukua mapigo ya 5/4 ambayo baba yake alimfundisha kwa ngoma za bongo alipokuwa mtoto, akatunga. Picha zilikuwa zile zile, lakini sasa watu walitoka ukumbini wakigeuka nyuma kuangalia nani anawafuata.

Kisa hicho ndicho kilichonifanya niandike mwongozo huu kwa ajili ya bendi. Vikundi vingi vya filamu za bei nafuu humwaga fedha zote kwenye kamera, halafu sauti inanaswa na maikrofoni ya kamera hiyo hiyo, imejaa upepo na mvumo wa feni. Mtazamaji husamehe picha yenye chengachenga. Sauti mbovu hasamehi. Ninyi mna ampu, maikrofoni, kadi ya sauti, na mpiga ngoma anayejua thamani ya kunyamaza. Katika filamu ya kutisha, hofu huingilia sikioni. Kwa hiyo nitawaambia mfanye kazi kinyume na wengi: anzeni na sauti, kisha mpige picha za kuifuata.

Si wazo geni. Bendi ya roki ya Italia iitwayo Goblin ilifanya kazi na mwongozaji Dario Argento kwenye Profondo Rosso mwaka 1975, na ilipofika Suspiria, mwaka 1977, kuna muziki ulioandaliwa mapema ukapigwa kwa sauti kubwa wakati wa kupiga picha, ili waigizaji wauingie. Huku kwetu bendi za roki na metali zipo, hasa Nairobi. Duma, wawili wa Nairobi, walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na ukiisikiliza gizani utaona nusu ya filamu imo humo tayari.

Hatua ya 1: Tafuteni hadithi inayosikika

Msianze kwa kujiuliza "jini letu litakuwa na sura gani?" Sura ni ghali. Jiulizeni: ni sauti gani ikisikika mahali ambapo haipaswi kuwepo, kila mtu chumbani ataacha alichokuwa anafanya?

Nitatumia mfano mmoja mwongozo mzima ili tuelewane. Bendi ya watu wanne imempoteza mpiga besi. Watatu waliobaki wanarudi kwenye chumba cha mazoezi kurekodi wimbo wa kumuaga. Wanaposikiliza walichorekodi, besi ipo. Hakuna aliyeipiga. Kila wakirekodi upya, ile besi inakuja karibu zaidi, na inaanza kupiga wimbo ambao hawaujui.

Hadithi hiyo inahitaji chumba kimoja, waigizaji watatu na gitaa la besi lililoegemezwa ukutani. Mzimu wenyewe ni wimbo, nanyi ndio kazi yenu kutunga nyimbo. Oren Peli alipiga Paranormal Activity mwaka 2006 ndani ya nyumba yake mwenyewe San Diego, kwa siku 7 na takriban dola 15,000. Aliandika hadithi iliyotoshea nyumba aliyokuwa nayo. Ninyi andikeni hadithi itakayotosha chumba cha mazoezi, ngazi za jengo, gari la vyombo na bomba la maji nyuma ya ukumbi.

Na tumieni hofu za kwenu. Mwaka 1995 Pemba na Unguja watu walilala nje makundi kwa makundi wakimwogopa jini aitwaye popobawa, na habari ya misukule inajulikana na kila mtoto aliyekulia Tanzania. Mussa Banzi na wenzake wa Bongo Movie walishaonyesha kwa filamu kama Nsyuka na Shumileta kwamba watazamaji wetu wanataka kutishwa kwa lugha yao. Zombi wa kuazima hana nafasi ya kuingia mtu moyoni kama msukule anayeitika jina lake.

Hapa nina jambo ambalo silifanyii mzaha. Msimtumie mtu mwenye ualbino kuwa kitisho, wala bibi mzee mwenye macho mekundu kuwa mchawi. Tanzania imezika watu wenye ualbino waliouawa kwa ajili ya viungo vyao, na kanda ya Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, macho yakiwa mekundu kwa moshi wa kupikia wa miaka mingi. Filamu inayorudia picha hiyo inaongeza kuni kwenye moto ambao bado unaua. Hadithi nzuri zimejaa, hiyo iacheni.

Hatua ya 2: Rekodini kabla ya kupiga picha hata moja

Hii ndiyo hatua ya kuipa muda mwingi kuliko zote. Tengeni siku kadhaa za mazoezi ambazo hamtapiga wimbo wowote; mtakusanya sauti tu. Rekodini kwa kilohezi 48 na biti 24. Wanamuziki wengi wamezoea 44.1, lakini video hutumia 48, na mkichanganya mtajiletea usumbufu baadaye.

Mambo ya kujaribu:

- Legezeni nyuzi za besi mpaka zilegee kabisa, kisha zivuteni taratibu. Zinagongana na shingo ya gitaa kama meno.
- Pitisheni upinde wa fidla kwenye ukingo wa toazi la ngoma. Mlio wake unakaribia sauti ya mtu anayeanza kulia.
- Acheni ngoma ndogo yenye nyaya chini imesimama peke yake, pigeni besi upande wa pili wa chumba. Nyaya zitatetemeka zenyewe. Katika mfano wetu hiyo ni zawadi: ngoma inatikisika na hakuna aliyeigusa, tena si ujanja wa kompyuta, ni fizikia ya chumba, na kamera inaweza kuiona.
- Rekodini mtu akinong'ona maneno ya kawaida kabisa, kisha punguzeni kasi iwe nusu. Sauti inashuka oktavu nzima na pumzi zinakuwa ndefu kuliko za binadamu.
- Kama ampu yenu ina mwangwi wa springi, itikiseni kidogo ikiwa imewashwa. Ngurumo hiyo haipatikani kwenye maktaba yoyote ya sauti.

Halafu kuna simtanki. Tafuteni tanki tupu la lita elfu tano au zaidi, lililo kavu. Shusheni spika ndogo ndani kwa kamba, shusheni na maikrofoni, kisha pigeni kupitia spika hiyo sauti mlizokusanya. Kinachorudi ni mwangwi mzito, mrefu, wenye ubaridi wa plastiki, na kila tanki lina noti yake linayoipenda na kuirefusha. Itafuteni noti hiyo kwa kupandisha sauti ya besi kidogo kidogo mpaka tanki lenyewe lianze kuimba, kisha tungeni wimbo wa mzimu kwenye ufunguo huo. Mtu asiingie ndani ya tanki, kamba inatosha.

Sasa neno kwa mpiga besi. Uzi mzito wa besi, ule wa E, unatoa hezi 41. Spika ya simu kwa kawaida haitoi karibu chochote chini ya hezi 200, na watu wengi wataitazama filamu yenu kwenye simu. Mkitegemea mtetemo wa chini peke yake, kwenye simu mzimu wenu atakuwa bubu. Dawa yake ni kuikwaruza besi: nakilini mstari wake, nakala moja ipitisheni kwenye distosheni, ichanganyeni chini ya ile safi. Distosheni inazaa sauti za juu, na sikio likizisikia hizo linaijaza yenyewe ile ya chini isiyokuwepo. Ukumbini watapigwa kifuani, kwenye simu watasikia mkwaruzo.

Mwisho wa hatua hii muwe na dakika 15 hadi 20 za sauti zilizopangwa kwa mfuatano, kama filamu ya redio. Wapeni marafiki wawili watatu waisikilize gizani bila maelezo. Pale watakaposhtuka, pana tukio. Pale watakaposhika simu zao, kateni.

Hatua ya 3: Skripti fupi, maneno machache

Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu. Lengeni kurasa 12 hadi 15. Filamu ndefu ya kwanza ndiyo inayovunja bendi.

Wanamuziki wengi si waigizaji, na mstari ulioandikwa kwa Kiswahili cha vitabuni utawanasa kooni. Waliotengeneza The Blair Witch Project walikuwa na muhtasari wa kurasa 35 hivi, bila mazungumzo yaliyoandikwa. Waigizaji walibeba kamera wenyewe katika misitu ya Maryland, Oktoba 1997, kwa siku 8, wakijua tu wanachopaswa kufikia kila siku. Iazimeni njia hiyo. Andikeni: "Wanabishana kama wafute rekodi. Mpiga ngoma hataki." Kisha acheni wabishane kama wanavyobishana kila wiki kuhusu nani amechelewa, nani hajachangia pesa ya chumba, waya wa nani umeharibika. Hakuna mwandishi atakayewatungia ugomvi wa bendi mzuri kuliko mlio nao tayari.

Hatua ya 4: Bajeti

Chukueni fedha mliyonayo leo, mkononi, mgawanye hiyo. Ahadi za watu msizihesabu.

Chakula na usafiri ndivyo vinavyokula sehemu kubwa, na viacheni vile. Watu wanaofanya kazi bure usiku kucha wanastahili kula chakula cha moto na kurudi nyumbani kwa usalama. Bodaboda ya saa 9 usiku ina bei yake na hatari yake, hivyo pangeni gari moja la kuwasambaza wote au mlale hapo hapo mpaka kuche. Fungu la pili ni taa na betri. La tatu ni damu, nguo na vipodozi. La nne ni vibali. Na asilimia 10 ikae pembeni isiguswe mpaka kitu kiharibike, kwa maana kitaharibika.

Kamera haimo kwenye orodha hiyo kwa sababu mna simu.

Nawapa pia mfano wa kutisha kwa namna nyingine. The Flaming Lips, bendi ya Oklahoma City, walianza Christmas on Mars mwaka 2001, filamu ya anga za juu yenye vitisho vya ndotoni. Mandhari waliijenga wenyewe kwa vifaa vya kuokoteza, nyumbani kwa mwimbaji wao Wayne Coyne, na mpiga vyombo wao Steven Drozd akacheza mhusika mkuu. Ilitoka mwaka 2008. Wao walikuwa na mkataba wa rekodi na mashabiki wa kuwasubiri miaka saba. Ninyi wekeni tarehe ya onyesho la kwanza kabla hamjapiga shoti ya kwanza, na ukumbi muulipie.

Hatua ya 5: Vibali, na wananchi wenye hasira kali

Kenya ina Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, inayodai leseni ya kupiga filamu, na Bodi ya Uainishaji wa Filamu ndiyo inayopanga filamu itazamwe na umri gani. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 1976 na Bodi ya Filamu yake. Ada na fomu hubadilika, ulizeni ofisini au kwenye tovuti zao kabla hamjapanga tarehe. Kama mnataka droni, hicho ni kibali kingine cha mamlaka ya usafiri wa anga; kwa filamu ya chumba kimoja, achaneni nayo.

Kibali ambacho bendi nyingi husahau ni cha mtaa. Fikirini hali ilivyo: saa 7 usiku, mtu amejifunika uso, nguo zimelowa kitu chekundu, anakimbia uchochoroni huku mwanamke anapiga ukunga. Kwetu hapo hakuna atakayeuliza kamera iko wapi. Watu watatoka na mawe. Kwa hiyo:

Nendeni kwa mjumbe wa nyumba kumi au mwenyekiti wa mtaa, kwa Kenya kwa chifu au mzee wa mtaa, siku chache kabla, mkiwa na barua yenye majina, tarehe na saa. Pitisheni habari kituo cha polisi cha karibu. Gongeni mlango wa kila jirani anayeweza kusikia kelele, salimieni, wakaribisheni waje kutazama. Vaeni vizibao vya kuakisi mwanga wote mlio nyuma ya kamera. Tukio la kukimbia lipigwe ndani ya uzio. Mayowe yarekodiwe siku nyingine, mchana, studio, halafu waigizaji wakati wa kupiga picha wafungue midomo tu bila sauti. Kwa filamu inayoanza na sauti hiyo wala si hasara, yowe la studio litakuwa zuri zaidi.

Makaburini msiende. Kuna watu wamelala pale na wana jamaa zao.

Hatua ya 6: Simu, taa na giza

Giza la filamu si kukosa mwanga. Simu ikinyimwa mwanga hujitengenezea chengachenga na kila kitu kinakuwa kijivu. Mnachotaka ni mwanga mkali kidogo, mahali padogo, na weusi wa kweli kuuzunguka.

Pakueni programu ya kamera inayowaruhusu kupanga kila kitu kwa mkono. Blackmagic Camera ni ya bure. Fungeni vipimo hivi msiviachie simu ijiamulie: fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50, rangi ya mwanga kwenye namba moja isiyobadilika, fokasi imefungwa. Namba 25 na 50 zina sababu. Umeme wetu unatembea kwa hezi 50, na ukipiga kwa 24 au 30 chini ya taa za mirija au balbu za LED za bei ndogo, picha inaweza kucheza na kuonyesha mistari inayopanda na kushuka.

Chanzo cha mwanga kionekane kwenye hadithi: tochi, taa nyekundu ya ampu, mlango wa friji, skrini ya kompyuta inayoonyesha mawimbi ya sauti yakiendelea kuandikwa wakati kila mtu ametulia. Katika mfano wetu hiyo ya mwisho ndiyo taa kuu. Uso wa mpiga gitaa umemulikwa na skrini. Nyuma yake ni weusi. Anatazama mstari wa besi ukijichora. Kamera ikae kwake. Besi yenyewe iliyoegemea ukutani ibaki nje ya fokasi, na shoti inayofuata iwe imesogea shubiri moja. Msiionyeshe ikisogea.

Mwanga mwingine wa kujazia upigeni ukutani au kwenye shuka jeupe, usimwelekee mtu usoni. Kama hamna stendi ya kamera, ubao mrefu uliobebwa na watu wawili, simu imefungwa katikati, unatoa mwendo wa kiumbe kinachopita chini chini. Wale wa The Evil Dead, waliopiga Tennessee, walifanya hivyo hivyo kwa ubao.

Hatua ya 7: Damu

Chemsheni vikombe viwili vya sukari kwenye kikombe kimoja cha maji hadi iwe nzito, iacheni ipoe. Tieni rangi nyekundu ya chakula, kisha kijiko cha kakao kilichokorogwa pembeni kwenye maji kidogo, na tone moja la rangi ya bluu. Bila kakao na bluu, damu itatoka rangi ya juisi chini ya taa za LED. Ikiwa nyepesi, ongezeni unga wa mahindi laini ule wa kupikia kastadi. Ijaribuni mbele ya kamera, kwenye ngozi na kwenye nguo, chini ya taa zile zile mtakazotumia. George Romero alipotengeneza Night of the Living Dead huko Pittsburgh, iliyotoka mwaka 1968, alitumia sharubati ya chokoleti, kwa kuwa filamu ilikuwa nyeusi na nyeupe na chokoleti ilikaa vizuri. Mkiamua filamu yenu isiwe na rangi, mtaokoa fedha na sukari.

Damu hii inavuta sisimizi, inanata, na haitoki kwenye zege. Tandikeni nailoni. Wekeni nguo mbili zinazofanana kwa kila anayelowa. Msitumie damu ya mnyama: huko Wakaliga, Kampala, kundi la filamu la Isaac Nabwana liliacha damu ya ng'ombe baada ya mmoja wao kuugua, wakahamia rangi ya chakula ndani ya kondomu inayopasuliwa. Wanajua wanachosema.

Kidonda kinatengenezwa kwa tishu iliyochanwa vipande na gundi ya kope, tabaka juu ya tabaka, kisha inapasuliwa katikati na kupakwa rangi. Gundi ipakeni kidogo kwenye mkono wa mwigizaji siku moja kabla, mwone kama ngozi inawasha. Silaha ziwe za plastiki au mpira. Kisu cha kweli kisiwepo kabisa eneo la kazi, hata kwa kukatia mkate.

Hatua ya 8: Usiku wa kupiga

Karibu na ikweta jua linazama karibu saa ile ile mwaka mzima, na utusitusi haudumu nusu saa. Shoti za jioni zipangwe na kufanyiwa mazoezi mchana, ili mwanga ukifika mpige tu. Zilizobaki ni za usiku, nanyi mkianza saa 1 jioni akili itakuwa imechoka ifikapo saa 8. Magumu yatangulie: damu, kukimbia, kulia. Mazungumzo ya kukaa yaje baadaye, uchovu wa kweli utawasaidia usoni.

Mtu mmoja awe mwongozaji na neno lake liwe la mwisho mpaka kupambazuke. Bendi zimezoea kupiga kura. Kwenye filamu kura zinamaliza usiku.

Kwa sauti, mmoja wenu ashughulike na kurekodi peke yake. Kila shoti ianze kwa kofi moja mbele ya kamera, ili mhariri aoanishe picha na sauti ya maikrofoni. Zimeni friji, na anayezima aweke funguo za gari ndani yake. Hataondoka bila kuiwasha tena. Jenereta ikae mbali, nje, upande usio na madirisha, kwa sababu ya kelele na zaidi kwa sababu moshi wake unaua mtu aliyelala. Kabla ya kuondoka kila chumba, wote nyamazeni mrekodi dakika moja ya utulivu wake. Kila chumba kina ukimya wake, na mhariri atauhitaji kuziba mapengo.

Mbwa, mvua kwenye mabati, basi la usiku: rekodini vyote badala ya kuvilaani. Isipokuwa adhana na ibada za watu. Hizo subirini zimalizike, na msizitie kwenye filamu kama kitisho.

Kabla ya kulala, nakilini kila kitu kwenye diski mbili, na diski hizo zilale nyumba mbili tofauti.

Hatua ya 9: Uhariri

DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha kabisa, na ndani yake kuna ukurasa mzima wa kuchanganya sauti. Wekeni kwanza ile sauti ya hatua ya 2 kwenye mstari, kisha mpange picha juu yake. Picha ikigombana na sauti, ondoeni picha.

Kosa la wanamuziki ninalolisikia mara nyingi ni kubana sauti, kwa kompresa na limita, hadi kila kitu kiwe juu sawa. Kwenye albamu ya metali sawa. Kwenye filamu ya kutisha mnajiua. Mtu hushtuka kwa tofauti kati ya kimya na kishindo, na kimya kikishabanwa hakuna tofauti iliyobaki. Acheni mazungumzo yawe ya chini kiasi kwamba mtazamaji anainamia skrini. Kabla ya kishindo, ondoeni hata ule mvumo wa chumba kwa nusu sekunde. Sikio linahisi hewa imetoka. Na vishindo visizidi vitatu filamu nzima.

Katika mfano wetu kishindo kikubwa nisingekiweka mwisho. Mwisho ningeacha besi ipige wimbo mzima, vizuri, kwa upendo, na wale watatu mmoja mmoja waanze kuifuata.

Hatua ya 10: Haki

Filamu ya Romero iliingia mikononi mwa umma Marekani tangu ilipotoka, kwa sababu jina lilipobadilishwa tangazo la hakimiliki liliondoka nalo, na sheria ya wakati ule ilidai tangazo hilo liwepo. Kila mtu akawa anaiuza. Siku hizi haki yenu inazaliwa pale kazi inaporekodiwa, lakini mkigombana, karatasi ndiyo itakayosema. Andikeni ukurasa mmoja: nani anamiliki filamu, nani anamiliki nyimbo, mapato yanagawanywaje, na ikitokea mmoja akaacha bendi inakuwaje. Wote watie saini, waigizaji wa nje pia. Sajilini kazi kwenye ofisi ya hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania au KECOBO kwa Kenya. Wimbo wa bendi nyingine msiuguse, hata sekunde 10.

Hatua ya 11: Onyesho ni shoo

Msikimbilie kuipakia intaneti. Christmas on Mars ilianza kuonyeshwa ndani ya hema kwenye tamasha la muziki, na hapo ndipo bendi ina nguvu kuliko kampuni yoyote ya filamu: mna spika kubwa, mna mashabiki, mnajua kuuza tiketi mlangoni. Tafuteni ukumbi unaoweza kuwa giza totoro. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, Alliance Française na Goethe-Institut za Nairobi ni sehemu za kuanzia kuulizia. Pelekeni na nakala kwenye tamasha la filamu la ZIFF, Zanzibar.

Nabwana na wenzake walitengeneza Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, kwa fedha ambayo mwenyewe anasema haikufika dola 200, wakaziuza DVD mlango kwa mlango, haraka kabla wezi wa kazi hawajazinakili. Ninyi uzeni mkononi usiku ule ule: rekodi ya muziki, fulana, bango.

Na tayarisheni nakala mbili. Moja ina kila kitu. Ya pili ina picha, mazungumzo na sauti za chumba, bila muziki, huku sikioni mwa mpiga ngoma mkiwa mmeweka mlio wa kuhesabia. Kwa nakala hiyo mtakaa chini ya skrini na kuipiga filamu moja kwa moja mbele ya watu, mji wowote mtakaoalikwa. Mpiga besi wenu, yule aliyecheza marehemu, akae nyuma ya pazia. Fanyeni mazoezi ya kuingia kwake zaidi ya kitu kingine chochote: aanze kupiga mapigo mawili baada ya wenzake kunyamaza, na taa ya ukumbi isiwashwe mpaka amalize.